Mwongozo Kamili: Kukodi Nyumba na Kukaa na Familia Ufukweni mwa Ziwa Turkana

Kabla hujamtumia mwenye nyumba hata shilingi moja, muulize maji ya kunywa yanatoka wapi. Mandhari, idadi ya vyumba, bei ya usiku mmoja, yote hayo yatafuata. Ufukweni mwa Ziwa Turkana unakodi kivuli, upepo unaopita ndani na tangi la maji. Jumba zuri lisilo na vitu hivyo vitatu litawachosha watoto kabla siku ya pili haijaisha. Banda la kawaida la makuti lenye navyo litawapa likizo watakayoisimulia hadi ukubwani. Familia nyingi hupanga safari hii kwa mtindo wa Diani au Naivasha: picha kwanza, bei pili, maswali baadaye. Turkana inataka uanze na maswali.

Sababu iko kwenye ziwa lenyewe. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 250, ncha yake ya kaskazini ikiingia Ethiopia, na ndilo ziwa la kudumu lililo kubwa kuliko yote yaliyomo jangwani duniani. Asilimia 90 hivi ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka nyanda za juu za Ethiopia. Turkwel na Kerio huchangia kidogo. Hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa kufyonzwa na jua tu, chumvi na magadi vikabaki. Kwa hiyo mtaamka kila siku mbele ya maji yasiyo na mwisho, na hamtaweza kuyategemea kwa kunywa. Mpango wote unajengwa juu ya jambo hilo.

Hatua ya 1: Chagua upande mmoja wa ziwa

Hakuna daraja wala feri ya ratiba inayovusha magari, na kulizunguka ziwa kwa barabara ni safari nyingine kabisa. Usijaribu kulala pande zote mbili katika likizo moja.

Upande wa mashariki uko Kaunti ya Marsabit, na mji wake ni Loiyangalani. Unafikiwa kupitia Maralal, Baragoi na South Horr, au kupitia Isiolo na Laisamis kwa barabara iliyoboreshwa wakati wa ujenzi wa mitambo mikubwa ya umeme wa upepo, ile yenye nguzo 365 na uwezo wa megawati 310. Nyuma yako una Mlima Kulal, mbele una Kisiwa cha Kusini, na majirani zako ni Wael Molo, Waturkana, Wasamburu na Warendille. Jua huzama ziwani mbele ya macho yako. Kwa watu wazima, au familia yenye vijana waliozoea safari ngumu, sijui mahali pengine Kenya panapofanana na hapo.

Upande wa magharibi uko Kaunti ya Turkana. Mji mkuu wake ni Lodwar, na vituo vya ufukweni ni Kalokol na Eliye Springs. Kwa familia inayokwenda mara ya kwanza, hasa yenye mtoto wa chini ya miaka kumi, nasema bila kusita: nendeni magharibi, na kama nafasi ipo, kaeni Eliye. Lodwar ina hospitali ya rufaa ya kaunti, uwanja wa ndege, benki, vituo vya mafuta na soko. Eliye ina chemchemi za maji yasiyo na magadi, yenye uvuguvugu, yanayotoka ardhini mita chache kutoka ziwani, na mikoma mirefu inayotoa kivuli cha kweli. Mtoto akipata homa usiku, tofauti kati ya pande hizi mbili ni saa nyingi za barabara.

Hatua ya 2: Chagua wakati

Lodwar hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka, na joto la mchana ni nyuzi 35 hivi karibu mwaka mzima. Kwa hiyo usitafute mwezi wa baridi, haupo. Unachokwepa ni mafuriko ya ghafla kwenye laga, yale mabonde ya mchanga yanayoonekana makavu miezi yote. Mvua ikinyesha mbali milimani, laga hujaa huku juu yako mbingu ni nyeupe. Mvua nyingi zaidi huja kati ya Machi na Mei, Aprili ikiongoza, na nyingine huweza kuja Oktoba na Novemba. Ukifuata likizo za shule za Kenya, basi Agosti ndiyo chaguo bora, Desemba ni ya pili, na Aprili iache.

Angalia pia tarehe za tamasha. Lodwar huwa na Tobong'u Lore, na Loiyangalani ina tamasha la utamaduni lililoanza 2008. Tarehe hubadilika mwaka hadi mwaka. Wiki ya tamasha ni nzuri kwa ngoma na kukutana na watu, lakini vyumba vyote hujaa na bei hupanda, na nyumba uliyoahidiwa huweza kupewa ujumbe wa serikali. Ukitaka utulivu, nenda wiki nyingine.

Kuhusu mwezi: usiku wa giza huko utaonyesha watoto nyota ambazo hawajawahi kuziona. Lakini ukiwa na watoto wadogo wanaoamka kwenda choo cha nje, mbalamwezi ina faida zaidi.

Siku ngapi? Chini ya usiku nne msijisumbue. Siku ya kwanza mwili unapambana na joto, ya pili unazoea, na ya tatu ndipo likizo inapoanza.

Hatua ya 3: Ihoji nyumba

Hapa ndipo safari hufaulu au huharibika. Nyumba nyingi za huko hazina mtu wa mapokezi wa kujibu maswali. Kuna mwenye nyumba anayeishi Lodwar, Kitale au Nairobi, na keyateka, yaani mtunza nyumba, anayekaa hapo. Zungumza na wote wawili. Mwenye nyumba anajua bei, keyateka anajua kama pampu inafanya kazi.

Tuma ujumbe wa namna hii:

"Habari za leo. Sisi ni familia ya watu sita, watu wazima watatu na watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Tungependa kukodi nyumba yako kwa usiku tano mwezi wa Agosti. Kabla ya kuthibitisha, tunaomba kujua: maji ya kuoga yanatoka wapi na tangi ni la lita ngapi? Ya kunywa je? Paa ni la mabati au makuti? Umeme ni wa sola au jenereta, na friji hufanya kazi usiku kucha? Vyandarua viko vingapi? Kutoka mlangoni hadi majini ni hatua ngapi kwa sasa? Nani hulala hapo usiku kama mlinzi? Tunaomba pia picha au video fupi iliyopigwa wiki hii. Asante sana."

Jibu lenye maelezo ni dalili njema. Jibu la "kila kitu kiko sawa, tuma pesa" linakuambia uendelee kutafuta.

Sasa tuyachambue majibu. *Paa:* mabati matupu yasiyo na dari hugeuza chumba kuwa tanuri kuanzia saa nne asubuhi, na hupoa polepole baada ya jua kuzama. Makuti ya mkoma ni bora mara nyingi. Kama ni mabati, ulizia dari na nafasi ya hewa chini ya paa.

*Upepo:* upepo mkuu wa eneo hili hutoka kusini-mashariki. Hupenya katika mkondo ulio kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na mara nyingi huwa na nguvu zaidi usiku hadi asubuhi mapema. Ufukwe wa magharibi unapokea upepo kutoka ziwani, kwa hiyo madirisha yanayotazama maji na mengine yanayotazamana nayo upande wa pili yatakupa usingizi. Lakini upepo huohuo huleta mchanga hadi kwenye sahani. Nyumba nzuri ina baraza mbili: moja ya ziwani kwa jioni, nyingine ya nyuma kwa kula asubuhi. Loiyangalani mambo ni kinyume, kwani upepo hushuka kutoka Kulal na kukupiga mgongoni, kwa nguvu kubwa zaidi.

*Umbali na maji:* swali hili watu hulisahau. Tangu 2020 ziwa limepanda na kumeza sehemu kubwa za ufuo, nyumba na mikoma upande wa Kalokol na Ghuba ya Ferguson. Picha ya miaka sita iliyopita inaonyesha ufukwe ambao huenda sasa uko chini ya maji. Ndiyo sababu unaomba picha ya wiki hii. Na ukiwa na mtoto anayetembea, mlango ulio karibu mno na maji yenye mamba ni hatari. Afadhali nyumba iliyo juu kidogo, yenye ua.

*Umeme:* sola inatosha taa, simu na feni ndogo. Friji inayofanya kazi mchana tu haitunzi samaki wala dawa. Kama mna mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, hili ni swali la kwanza pamoja na maji, na mbebe chombo chenu cha baridi hata mkiahidiwa friji.

*Vitanda:* uliza kama vinaweza kutolewa nje. Kulala barazani ndani ya chandarua ndiyo njia ya asili ya kushinda joto hapa, na watoto hulipenda jambo hilo kuliko kitu kingine chochote katika safari nzima.

*Mwenye mali:* ardhi nyingi ya Turkana ni ya jamii, na ina sheria yake ya 2016. Banda huweza kuwa la mtu binafsi, la kikundi, la kanisa au la kaunti. Uliza wazi ni la nani na ni nani ataamua kukitokea tatizo. Toa arbuni isiyozidi nusu, kwa M-Pesa yenye jina linalolingana na la uliyezungumza naye, na mkubaliane kwa maandishi kwamba laga zikifunga njia, tarehe zitasogezwa bila faini.

Hatua ya 4: Panga njia

Kwa gari kutoka Nairobi, safari ni ya siku mbili. Siku ya kwanza mfike Kitale, kilomita 380 hivi, mlale hapo. Ya pili ni karibu kilomita 300 hadi Lodwar. Ondokeni alfajiri. Kapenguria mnaweza kusimama kwenye jumba la makumbusho, penye vyumba walimofungwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko baada ya kukamatwa 1952. Kenyatta baadaye aliletwa Lodwar na kuzuiliwa hapo tangu 1959. Kisha barabara hushuka milimani, hupita Marich, na joto linawapokea.

Kipande cha Kainuk hadi Lokichar, mpakani mwa Wapokot na Waturkana, kimekuwa na historia ndefu ya uvamizi wa barabarani. Hali hubadilika. Siku moja kabla ya kuondoka, piga simu kwa keyateka, uulize madereva wa magari ya abiria Kitale, na ukifika Kainuk zungumza na polisi. Wakisema subirini msafara, subirini. Msisafiri hapo usiku kwa sababu yoyote.

Gari liwe la 4x4, lenye gurudumu la akiba zima na jeki yenye ubao wa kuwekea chini ili isizame. Kutoka Lodwar kwenda upande wa Kalokol kuna lami. Kipande cha mwisho cha kwenda Eliye kina mchanga. Punguza upepo wa magurudumu hadi 18 au 20 psi, endesha mwendo wa kudumu bila kukanyaga breki ghafla, na uwe na pampu ya kujazia ukirudi kwenye lami. Gari likizama, usizungushe magurudumu kwa hasira. Chimba mbele, weka mikeka au ubao, toa abiria wote.

Kando ya barabara ya Kalokol kuna Namoratung'a, kundi la nguzo za mawe nyeusi zilizosimamishwa na watu wa kale. Masimulizi ya wenyeji husema walikuwa wacheza ngoma waliogeuka mawe. Simameni jioni, mawe yakiwa yamepoa.

Mkiwa na siku chache au mtoto mchanga, pandeni ndege kutoka Nairobi hadi Lodwar na mkodishe gari lenye dereva wa hapo. Ukijumlisha mafuta, malazi ya Kitale kwenda na kurudi, na uchovu, tofauti ya gharama si kubwa kama inavyoonekana. Kumbuka tu kwamba ndege ndogo zina kikomo cha mizigo, kwa hiyo chakula kizito na maji mtanunua Lodwar.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya maji

Katika joto hili mtu mzima anahitaji lita nne hadi tano za kunywa kwa siku, na mtoto anahitaji kukumbushwa kunywa kila saa. Chukua lita tano kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, ili chai na kupikia viingie humo. Familia ya watu sita kwa siku tano ni lita 150. Ongeza akiba ya siku mbili, lita 60, kwa ajili ya laga au gari bovu. Jumla ni lita 210, yaani jerikani kumi na moja za lita 20. Nyingi zinaweza kununuliwa Lodwar, lakini mbili zisitoke kwenye gari kamwe mpaka mmerudi Kitale.

Kuna jambo moja wageni hulikosea. Maji ya ziwa, na ya visima vingi vya eneo hili, yana floraidi na chumvi nyingi. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi wala chumvi. Yakichemka na kupungua, hivyo vitu vinazidi kuwa vikali. Dawa za kutibu maji za vidonge nazo hazisaidii hapo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na zaidi ya hapo meno ya watoto wanaokua huharibika kadiri miaka inavyopita. Wiki moja haitamdhuru mtoto wako, lakini maji ya chumvi katika joto humfanya akatae kunywa, na huko kukataa ndiko hatari. Muulize keyateka kama chemchemi ya hapo hunywewa na familia yake, na maji ya kunywa ya watoto yabaki yale mliyobeba.

Fungasheni pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi hufanya kazi ileile. Mtoto asiyekojoa tangu asubuhi, mwenye midomo mikavu na aliyelegea, apewe kidogo kidogo kivulini huku gari likiandaliwa kwenda Lodwar.

Hatua ya 6: Jikoni

Mboga nunueni Kitale, sokoni, asubuhi ya kuondoka: kabichi, karoti, vitunguu, viazi, machungwa na malimau. Hivi huvumilia. Nyanya mbivu na sukuma vitakufa njiani. Unga, mchele, maharagwe, maziwa ya unga na mafuta vinapatikana Lodwar.

Samaki msibebe. Sangara na ngege mtawapata ufukweni asubuhi kutoka kwa wavuvi wenyewe, na hakuna samaki mtamu kama aliyetoka majini saa hiyo akapakwa chumvi na limau na kuwekwa juu ya makaa. Waonyesheni watoto pia wanaokaushwa juani Kalokol. Wengi hununuliwa na wafanyabiashara wanaowapeleka mbali hadi Kongo.

Upepo huzima jiko la gesi, kwa hiyo bebeni mabati mawili madogo ya kulikinga au pikieni upande wa nyuma. Msiagize mkaa mwingi wala kukata miti. Miti ya kandokando ya ziwa ndiyo kivuli, dari na kapu la mwenyeji. Pikeni mapema, kabla ya saa tatu asubuhi, na tena jioni. Mchana kuleni vitu baridi.

Hatua ya 7: Watoto, ziwa na mashua

Ziwa Turkana lina mamba wengi wa Mto Naili. Watoto wa wenyeji wanaoga humo, na watoto wako watataka kuwafuata. Sheria ya familia iwekwe kabla ya kufika: hakuna anayeingia majini bila mtu mzima wa hapo kuelekeza mahali na saa, na giza likianza hakuna anayesogea ukingoni. Kwa wadogo, chemchemi za Eliye na beseni la barazani vinatosha kabisa.

Safari kubwa ya upande huu ni Kisiwa cha Kati, chenye maziwa matatu ndani ya volkeno, maji yake yakiwa na rangi zisizofanana. Mamba huzaliana hapo na flamingo hutembelea. Pamoja na Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, iliyo ufukwe wa mashariki, kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia 1997, Kisiwa cha Kusini kikaongezwa 2001, na tangu 2018 hifadhi hizi zimo katika orodha ya urithi ulio hatarini, hasa kwa wasiwasi wa mabwawa yaliyojengwa Mto Omo. Kiingilio cha KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si kwa fedha taslimu, na viwango vya raia, mkazi na mgeni ni tofauti. Jamaa wanaotoka Ughaibuni wabebe vitambulisho vyao. Lipieni mkiwa Lodwar, penye mtandao wa uhakika.

Mashua hukodishwa nzima, hivyo mnaweza kugawana na familia nyingine. Bebeni jaketi za uokoaji za vipimo vya watoto kutoka nyumbani, kwani za mashua, zikiwepo, huwa za wakubwa. Nahodha ndiye anayechagua saa, akisoma upepo. Akisema leo hakuna safari, msimwongezee pesa ili abadilishe mawazo. Wimbi la Turkana huinuka haraka na limezamisha watu waliolijua maisha yao yote. Mtoto wa chini ya miaka mitano nisingempeleka. Mmoja wenu abaki naye kivulini.

Hatua ya 8: Afya

Malaria ipo. Mwone daktari wiki mbili au tatu kabla ya safari kuhusu dawa za kinga, na vyandarua bebeni vyenu hata mkiahidiwa. Nge na nyoka wadogo wa mchangani ni wa kweli: viatu vya kufunika usiku, tochi mkononi, na kila kiatu kikung'utwe asubuhi. Tochi ya mwanga wa urujuanimno, ile ya kukagua noti bandia, humfanya nge ang'ae kijani. Kagueni baraza nayo kabla ya kulala.

Watoto wasichezee mbwa. Turkana imekuwa miongoni mwa sehemu zenye ugonjwa mwingi zaidi duniani wa vivimbe vya maji vinavyotokana na minyoo ya mbwa, na mayai yake hushika kwenye manyoya. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Aliyeumwa na nyoka asikatwe wala kufyonzwa jeraha. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe Lodwar. Amref Flying Doctors wana uanachama wa kuokolewa kwa ndege uitwao Maisha. Ulipieni kabla ya kuondoka na muandike namba yao ukutani.

Hatua ya 9: Ishini na wenyeji

Salimuni kwanza. "Ejoka" kwa tabasamu hufungua mlango, na wazee wasalimiwe kwa mkono. Picha iombwe, na anayekataa aachwe. Nunueni vikapu vya mkoma na ekicholong, kigoda cha mbao ambacho mzee hukalia mchana na kulaza kichwa, moja kwa moja kwa aliyekitengeneza. Chenji ndogo na M-Pesa vyote vinafaa.

Majirani wa nyumba mliyokodi huenda wanateka maji palepale tangi lenu linapojazwa. Oga yenu ya dakika kumi ni ndoo za mtu. Tumieni ndoo na kikombe, mfundishe watoto vivyo hivyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na mwenyeji hawezi kupona akimalizwa maji. Taka za plastiki na betri rudini nazo hadi Lodwar.

Mkiona mfupa uliogeuka jiwe, uacheni ulipo na kumwonyesha keyateka. Ufukwe huu wa magharibi ndiko Kamoya Kimeu alikopata mwaka 1984, Nariokotome, mifupa ya kijana aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita, mojawapo ya miili ya kale iliyokamilika kuliko yote. Alianza na kipande kidogo cha fuvu kilicholala kati ya kokoto. Sheria ya 2006 ya makumbusho na urithi inalinda vitu hivi, na kuvichukua ni kosa.

Hatua ya 10: Mwendo wa siku, na kuondoka

Siku ya huko igawanyeni mara tatu. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu ni muda wa kutembea, kununua samaki na kupika. Saa nne hadi saa kumi ni kivuli: usingizi, hadithi, karata, bao. Saa kumi hadi jua kuzama ni ufukweni tena. Familia inayojaribu kufanya shughuli saa saba mchana hurudi na mtoto anayetapika.

Siku ya kuondoka, kagueni nyumba pamoja na keyateka, mpigie mwenye nyumba mkiwa bado hapo kuhusu chochote kilichovunjika, na mlipe salio mbele ya keyateka. Mpeni yeye bakshishi yake mkononi, mbali na pesa za nyumba. Ondokeni Eliye usiku uliotangulia mkalale Lodwar, au alfajiri kabisa. Jazeni tangi la mafuta Lodwar hata kama ni nusu, jazeni magurudumu upepo, ulizeni tena habari za njia, na mhakikishe mmeipita Kainuk kabla ya saa nane mchana ili mwingie Kitale jua likiwa bado juu.